Maili za ndege na pointi za hoteli: uzinunulie nini kwanza, nini uache

Shangazi yangu alifanya kazi Ghuba miaka 11. Kila mwaka alikuja Unguja mara moja, mwaka wa harusi mara mbili, na safari zote hizo kadi ya uanachama wa shirika la ndege, ile ya kukusanyia pointi za safari ziitwazo maili, ilikuwa kwenye pochi yake, nyuma ya kitambulisho. Aliporudi moja kwa moja akaniambia, "Hebu niangalizie zile maili zangu, nataka kumpeleka bibi yako Umra." Tukakaa barazani nikafungua akaunti kwenye simu. Zilibaki maili 4,100. Nyingine zilikufa kwa kupitwa na muda. Safari tatu hazikuwahi kuingizwa kabisa, kwa sababu pasipoti imeandikwa Khadija na akaunti imeandikwa Hadija. Alinyamaza kidogo, kisha akanirudishia simu.

Mimi kazi yangu ni kukatia watu tiketi, na iliniuma kwamba ndugu yangu mwenyewe alipoteza jasho lake hivyo. Tangu siku ile mteja akiketi mbele yangu namuuliza namba ya uanachama kabla sijamuuliza tarehe ya safari.

Maili ni kibubu ambacho ufunguo wake yuko nao mtu mwingine. Tiketi iliyokuwa ya maili 40,000 leo, kesho shirika linaweza kuipandisha hadi 55,000, na hutaulizwa. Kwa hiyo usizikusanye ili zikae. Zikifika kiasi cha kununua kitu cha maana, zinunulie. Cha maana ni kipi, hiyo ni hesabu, na ni nyepesi.

Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu. Toa kodi na tozo ambazo utazilipa hata ukitumia maili. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ni Sh 2,400,000, tozo ni Sh 600,000, na shirika linataka maili 60,000. Unapata Sh 1,800,000 kugawanya kwa 60,000, yaani kila maili imekununulia Sh 30. Tiketi hiyohiyo ikipanda hadi Sh 4,200,000 wakati wa sikukuu na bado ukaipata kwa maili 60,000, kila maili imekuwa Sh 60. Blenda ya Sh 150,000 kwenye duka la shirika kwa maili 15,000? Sh 10. Fanya hesabu hii kila mara kabla hujabonyeza. Mfuatano ninaoutoa hapa chini umetokana nayo.

Nafasi ya kwanza: tiketi ya safari ndefu, msimu wa bei kali

Hapa ndipo maili zinapolipa. Desemba ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanarudi nyumbani na nauli zinapaa. Ukiwa na maili, nauli hiyo kali ndiyo unayoikwepa.

Ila kuna jambo linalowaponyoka wengi. Mashirika mengi siku hizi hayana bei moja ya maili, inapanda na kushuka kama nauli. Viti vya bei ya chini ya maili ni vichache na huisha mapema. Ratiba nyingi hufunguliwa takriban miezi 11 kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka Desemba hii anaanza kutazama Januari. Mteja anayekuja kwangu katikati ya Novemba na maili 70,000 mkononi namsaidia kwa moyo wote, lakini mara nyingi anachopata ni tiketi ya maili 140,000 au kusubiri hadi Februari.

Jambo la pili ni tozo ya mafuta. Mashirika mengine huibandika hata kwenye tiketi ya maili, na inaweza kufika mamia ya dola. Ndiyo maana njia ileile, ndege ileile, inaweza kuwa na tozo kubwa ukitumia maili za shirika moja na tozo ndogo ukitumia za mshirika wake. United ya Marekani, kwa mfano, haitozi tozo ya mafuta kwenye tiketi za maili, hata za kuruka na washirika. Angalia jumla ya mwisho, usivutiwe na idadi ya maili peke yake.

Nafasi ya pili: usiku wa hoteli, na hasa usiku wa tano

Kwenye Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa hoteli za Marriott, ukilipia usiku tano mfululizo kwa pointi, mmoja hautozwi. Hilton Honors inafanya hivyo pia, lakini kwa mwanachama wa ngazi ya Silver kwenda juu. Familia inayokwenda likizo ya usiku tano, hiyo ni sehemu ya tano ya pointi imebaki mfukoni.

Kwenye hesabu, usitumie bei ya tangazo. Hoteli zetu nyingi kubwa hutangaza bei kabla ya VAT na huduma, nawe unakuja kulia mezani siku ya kuondoka. Kenya VAT ni asilimia 16, na kuna tozo nyingine juu yake. Usiku wa pointi kwa kawaida unabeba chumba pamoja na kodi zake, kwa hiyo ulinganishe na bei kamili yenye kila kitu. Mtu anayelinganisha na bei ya tangazo anaidharau pointi yake bure.

Accor, kampuni nyingine ya hoteli, ni tofauti kidogo, na kwa mtu asiyependa hesabu ndiyo ninayomwelekeza. Pointi 2,000 ni punguzo la euro 40, wakati wowote, hoteli yoyote inayoshiriki. Hazitakupa maajabu, lakini hazitakuangusha. Ukishukia Fairmont The Norfolk pale Nairobi, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1904, au ibis Styles ya Westlands, zote za Accor, thamani ni ileile. Kwa Hyatt ni kinyume, thamani inategemea umechagua wapi na lini. Park Hyatt ya Shangani, Zanzibar, msimu wa wageni bei yake ya pesa inatisha, na hapo ndipo pointi zinafaa. Mwezi wa masika, lipa pesa tu, uzitunze pointi.

Nafasi ya tatu: kupandishwa daraja

Kwa usiku mzima wa kuruka, mtu mwenye mgongo mbovu au mzee unayempenda anastahili kulala. Sipingi. Lakini tiketi nyingi za bei ya chini kabisa haziruhusiwi kupandishwa, na mtu huligundua hilo akiwa ameshalipa. Uliza kabla ya kununua. Na linganisha: wakati mwingine kununua tiketi nzima ya daraja la biashara kwa maili kunagharimu si zaidi sana ya nauli ya kawaida ukijumlisha na maili za kupandia.

Nafasi ya nne: safari fupi za kanda

Dar kwenda Nairobi, Entebbe kwenda Kigali. Kodi za viwanja ni sehemu kubwa ya bei, na maili hazizigusi. Zitumie hapa kama zinakaribia kufa au una dharura ya msiba, siku ambayo nauli ya dakika ya mwisho imepanda mno. Kwa msiba, kwa kweli, usihesabu sana.

Nafasi ya tano: kugeuza pointi za hoteli ziwe maili

Marriott hubadilisha pointi 3 kwa maili 1 kwa mashirika mengi, na ukihamisha 60,000 kwa mkupuo huongezewa maili 5,000. Kwa kujazia pengo dogo ni sawa. Kuhamisha akiba yote ni hasara. Vivyo hivyo kununua maili kwa pesa: ukipungukiwa na 3,000 ili upate tiketi, nunua. Zaidi ya hapo, hapana.

Mwisho kabisa: mabegi, blenda, saa na vocha

Acha.

Kikapu kipi?

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuwa na kadi sita, kila moja ina maili 5,000. Chagua kikapu kimoja, yaani mpango mmoja wa maili, viwili vikizidi, kwa kufuata ndege unazoruka kweli.

Anayeishi Nairobi na kuruka na Kenya Airways ana mpango wake wa Asante Rewards, na kwa kuwa shirika hilo lipo tangu 2010 kwenye SkyTeam, umoja wa mashirika ya ndege yanayoshirikiana maili, anaweza kuangalia pia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Flying Blue ndiyo ninayompa pia mtu wa Dar au Moshi anayekwenda Ulaya na KLM. Kila mwezi hutoa punguzo la maili kwa miji fulani, na anayeweza kusogeza tarehe zake anafaidika. Maili hufa baada ya miezi 24 bila shughuli inayohesabika.

Wa Ghuba, wengi wenu ni Skywards, mpango wa Emirates. Maili zinadumu takriban miaka 3, na kuruka na flydubai kunaingia akaunti ileile, jambo ambalo wengi wa Zanzibar na Dar hawalijui. Kuna pia akaunti ya familia, mume, mke na watoto wanamimina chungu kimoja. Kwa familia zetu zinazosafiri kwa makundi, hiyo ni zawadi kubwa. Qatar Airways hutumia maili ziitwazo Avios tangu 2022, sarafu moja na British Airways, na unaweza kuzihamisha kati yao. Hufa baada ya miezi 36 akaunti ikilala. Oman Air nayo iliingia oneworld, umoja wa kina Qatar na British Airways, mwaka 2025, kwa hiyo anayeruka kwenda Muscat ana nafasi ya kuzielekeza safari zake kwenye kikapu kikubwa zaidi.

Ndugu zetu wa Washington na Minneapolis wanaorudi kwa Ethiopian wana ShebaMiles, mpango wa shirika hilo, ila Ethiopian ipo tangu 2011 kwenye umoja wa Star Alliance pamoja na United, na safari hizo zinaweza kuandikwa kwenye mpango wa United, MileagePlus, ambako maili hazina mwisho. Kwa anayesafiri mara moja kila baada ya miaka mitatu, kutokufa huko ni bora kuliko kingine chochote. Walioko Marekani wenye kadi za benki za pointi, Chase na American Express zinahamisha moja kwa moja kwenda Flying Blue. Lakini kadi ya mkopo ilipwe yote kila mwezi. Riba ya miezi miwili inameza tiketi.

Na kabla ya kununua tiketi, tazama herufi ya daraja la nauli, ile inayoonyesha aina ya nauli unayouziwa. Nauli mbili za daraja la kawaida, zilizopishana Sh 80,000 tu, moja inaweza kukupa maili zote na nyingine robo, au sifuri. Hoteli, weka nafasi kwenye tovuti au simu ya hoteli yenyewe. Ukipitia tovuti za watu wa kati, minyororo mikubwa ya hoteli kwa kawaida haikupi pointi za chumba.

Leo jioni toa pasipoti, fungua akaunti yako, soma majina herufi kwa herufi. Yakipishana, omba marekebisho sasa, kabla ya tiketi inayofuata. Tunza pasi ya kupandia ndege hadi maili zionekane, na zisipoonekana ndani ya wiki mbili, dai mara moja, kwa sababu muda wa kudai huisha baada ya miezi kadhaa. Shangazi alirekebisha jina lake. Safari mbili kati ya zile tatu zilikuwa zimeshapita muda wa kudai, moja waliiingiza. Sasa yeye na wanawe wawili wanamimina pamoja, na Februari iliyopita bibi alipanda ndege kwenda Jeddah.