Kidude cha mipira mitatu cha mazoezi ya kupumua: uzoefu wangu wa wiki tatu

Nilipasuliwa tumbo hapa Kampala, na kabla sijatoka wodini musawo (mhudumu wa afya) wa mazoezi akaniambia nitafute hiki kidude cha plastiki chenye mipira mitatu na mrija. Nikakipata famasi moja Wandegeya, shilingi 45,000. Yule dada wa kaunta akasema "unapuliza tu ssebo", basi nikapuliza siku mbili nzima, mipira haiinuki, mshono unauma, nikaona pesa imeenda bure.

Nikamrudia musawo. Akasema hapana, hapa hupulizi, unavuta. Akaniweka mkono chini ya mbavu akanieleza kitu ambacho miaka yote sikukijua, kwamba mapafu hayana misuli yake ya kujitanua, kazi kubwa inafanywa na kiwambo, ule msuli mpana uliokaa kama bakuli limefunikwa kati ya kifua na tumbo. Ukivuta pumzi msuli huo unajikaza na kushuka, nafasi kifuani inaongezeka, presha ya ndani inakuwa chini kuliko ya nje ndo hewa inaingia, na tumbo linatokeza kwa sababu matumbo yamesukumwa. Msuli ukilegea unapanda tena, hewa inatoka. Sasa mtu mwenye mshono anaogopa maumivu anapumua juu juu tu, kiwambo hakishuki vizuri, mapafu kule chini hayajai, makohozi yanabaki huko na nimonia inapata njia. Kumbe ndo maana wale wa wodini walikuwa wananisumbua vile!

Kwa hiyo nakaa wima, maana ukilala matumbo yanakibana kiwambo, nakumbatia mto kwenye mshono, navuta polepole, mara 10 kila saa nikiwa macho. Mipira imeandikwa 600, 900 na 1200, yaani mililita za hewa kwa sekunde. Ukivuta kwa pupa yote inaruka, watoto wanashangilia, lakini mpira mmoja ukikaa juu muda mrefu ni bora zaidi. Ukisikia kizunguzungu pumzika kwanza.

Kasoro ni karatasi ya maelezo, hakuna Kiswahili wala Luganda, na mchoro wake hauonyeshi hewa inaenda upande gani. Hilo linaniuma kweli, kuna wagonjwa wanapuliza mpaka leo.

Kidude chenyewe ni kizuri, nunueni. Mpira wa pili sasa unakaa juu, na jana nimepanda kilima cha Namirembe kwa miguu, nikapumzika mara moja tu.