Ziara ya majambazi wa porini, Melbourne: nimewapa nyota tatu

Nyota ya tatu ni ya kijana aliyetutembeza, maana kusimulia anajua. Kampuni siitaji. Ziara za namna hii zinafanana: mnakutana katikati ya jiji, mnatembea kwa miguu huku mkisimuliwa habari za wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza na majambazi waliojificha porini, mnamalizia kwenye gereza la zamani. Nilikwenda na shemeji yangu aliyekuja kututembelea, kwa hiyo ukalimani ulikuwa juu yangu njia nzima.

Uhondo wenyewe uko Maktaba ya Jimbo la Victoria, mtaa wa Swanston, ilipo deraya, yaani vazi la chuma la kujikinga, ya Ned Kelly, jambazi maarufu wa porini. Sogea mpaka kwenye kioo. Ni vyuma vya plau vilivyopashwa moto na kupondwa mpaka vikakubali kupinda, na kofia yake ni bomba pana la chuma lenye mwanya mmoja tu wa macho. Mabonyeo ya risasi yanaonekana wazi. Uzito wake ni kilo 44 hivi, unakaribia mfuko wa saruji, na huyu bwana aliuvaa akatoka nao gizani kupambana na polisi kule Glenrowan, mji mdogo wa Victoria, alfajiri ya tarehe 28 Juni 1880. Miguu haikukingwa. Polisi wakalenga huko huko, akaanguka.

"Sasa huyu miguu aliisahau?" shemeji akauliza. Nikamwambia na yeye avae mfuko wa saruji halafu aongeze vyuma vya miguu, tuone atafika wapi.

Kijana wetu alipofika kwa mwalimu Thomas Curnow, hata watoto walinyamaza. Kelly na wenzake walikuwa wameng'oa reli ili treni ya polisi ipinduke, na watu wa Glenrowan wamezuiliwa ndani ya hoteli ya mama mmoja, Ann Jones. Curnow akambembeleza Kelly hadi akaruhusiwa kurudi nyumbani na mkewe. Kisha akakimbilia relini na mshumaa nyuma ya skafu nyekundu, treni ikasimama.

Malalamiko yangu sasa. Polisi watatu waliouawa na Kelly na wenzake kule Stringybark Creek mwezi Oktoba 1878, yaani Kennedy, Lonigan na Scanlan, walipewa sentensi moja, tukasonga mbele. Kuonewa kulikuwepo, sikatai. Baba yake Kelly aliletwa Tasmania akiwa mfungwa kutoka Ireland kwa kosa la kuiba nguruwe wawili, na ile barua ndefu ambayo Kelly alimwandikisha mwenzake Joe Byrne mwaka 1879 inachemka kwa hasira dhidi ya polisi. Lakini Lonigan naye aliacha mjane na watoto. Ukilipisha watu tiketi kwa jina la historia, usiwape sifa za upande mmoja.

Lililoniudhi zaidi ni jingine. Ziara ilianzia Sydney ya 1788, meli za kwanza za wafungwa, halafu ikaruka moja kwa moja hadi kwa Kelly. Nikauliza: na John Caesar je? Nikajibiwa kwamba huyo ni wa Sydney, si wa huku. Haya, na hizo meli zilitia nanga Melbourne?

Caesar alikuwa mtu mweusi, mwenye asili ya Afrika, na ndiye anayehesabiwa jambazi wa kwanza wa porini Australia, zaidi ya miaka 80 kabla ya Kelly. Alihukumiwa Kent, Uingereza, mwaka 1786 kwa wizi, akapewa miaka saba ya kupelekwa ng'ambo. Alikuwa pande la mtu, mchapakazi kuliko wafungwa wengi, lakini posho yake ilikuwa sawa na ya mtu mdogo. Njaa ikamtoa. Aliiba chakula, akakimbilia porini, akakamatwa. Wakampeleka Garden Island, kisiwa kidogo cha bandari ya Sydney, afanye kazi akiwa na minyororo, akaruhusiwa kujiongezea mboga za bustani. Akatoroka na mtumbwi! Alitoroka tena na tena, hadi gavana Hunter alipotangaza zawadi ya galoni tano za pombe kali kwa atakayemleta. Februari 1796 akapigwa risasi akafa. Kwa Kelly na wenzake watatu zawadi iliyotangazwa ilifika pauni 8,000.

Gerezani tulikwenda mbiombio, saa zilikuwa zimeyoyoma. Kelly alinyongewa hapo tarehe 11 Novemba 1880. Vyumba vya wafungwa ni vyembamba na baridi, na kuna sura za plasta zilizochukuliwa kwenye maiti za walionyongwa. Mtoto mwoga msimpeleke.

Ushauri: deraya mkaione wenyewe, kuingia maktaba ni bure. Gereza liko mtaa wa Russell, mwendo mfupi kwa miguu. Tiketi yake mnaweza kununua bila kampuni yoyote katikati, na mtakaa humo kwa muda mnaotaka. Koti mbebe, hata kama asubuhi jua linawaka.