Rili ghali iliyonivimbisha vidole

Msiniulize hii rili, kidude cha kukunjia mshipi wa kuvulia, ina beringi ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nataka kuuzungumzia mpini wake, ule mpini wa laana ulionichapa Kilifi mwaka jana, kusi ilipokwisha anza kuvuma.

Kolekole alikuwa ameshakamata chambo. Si mkubwa, sitaki kutia chumvi, lakini kolekole ni kolekole: anainamisha kichwa na kukimbilia mikokoni. Nikakaza, nikamsimamisha. Ghafla mpini ukaniponyoka, ukaanza kuzunguka kinyumenyume wenyewe, huku ukinigonga vifundo vya vidole. Rili ambayo imeundwa isirudi nyuma, inarudi nyuma! Samaki akaingia kwenye mizizi akakata mshipi, nami nikabaki nanyonya vidole.

Nikairudisha dukani, Mombasa. Kijana wa pale hata hakuigusa. Macho kwenye simu, ananiambia, "Mzee wangu, hiyo umeitia maji ya chumvi." Ala! Nikavulie kwenye karai? Boksi lenyewe lina picha ya bahari. Na kila nikirudi naiosha kwa maji ya bomba, naifuta, naianika kivulini. Akamalizia, "Hizi zinataka waliozoea, si watu wa mshipi wa mkono." Nilitamani nimrushe yeye.

Aliyenifungulia ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu asiyevua hata dagaa. Akanionyesha: ndani hamna jino hata moja la kuzuia mpini. Kuna beringi ya vijiti vyembamba inayobana shafti, chuma kinachozungushwa na mpini, kwa msuguano tu. Grisi ikizidi, au chumvi ikiganda humo, inateleza. Na grisi tuliyoikuta ilikuwa ya kiwandani, ya njano, nzito, imefurika hadi pembeni. Basi ikawa mimi ndiye nisiyezoea!

Nikamletea na rili yangu kuukuu, Ambassadeur, ile ya mviringo iliyotengenezwa Uswidi. Humo kuna kipande cha chuma kinachouma meno ya gurudumu, kikishika kimeshika. Mpini unacheza kidogo kabla ya kushika, na hilo linaudhi, lakini haujawahi kuninyanyulia mkono.

Ningependa kuishia hapo niseme nunueni ya Uswidi. Kinachonitia hasira zaidi ni kwamba siwezi. Kwa kurusha, hii mshenzi inaishinda mbali. Ukitupa kuikabili kusi, chambo kinapigwa na upepo kinapunguza mwendo, na spuli, ile bobini inayobeba mshipi, haina habari, inaendelea kumwaga mshipi. Hapo ndipo mshipi unapofumka na kujisokota, ukae nusu saa unafumua huku wenzio wanavuta samaki. Kwenye hii mpya nazungusha kidude cha ubavuni, sumaku zinaizuia spuli bila hata kuigusa, basi. Kidole gumba cha kuibana spuli bado kinatakiwa, ila hakifanyi kazi ya punda. Kwenye Ambassadeur yangu, breki ni vipande viwili vinavyosukumwa nje na mzunguko. Ukitaka kuvibadilisha ulegeze skrubu, ufungue ubavu, uchezee kitu kidogo kama punje ya mchele ndani ya mtumbwi unaoyumba. Kimoja changu kiko chini ya maji Mtwapa hadi leo.

Fundi aliposafisha ile grisi na kutia tone la mafuta mepesi, nikaenda nayo jioni moja nikiwa bado naitukana. Nikatupa chini ya tawi la mkoko, pahali ambapo na ile kuukuu huwa nanasa majani. Chambo kikapita chini kwa chini, kikatua bila kishindo. Nikarudia, kikatua palepale. Nilitukana tena, safari hii sijui nikimtukana nani.

Siiamini. Samaki akivuta sasa nashika mpini kwa vidole vilivyokunjwa, kama ninayeogopa kofi. Nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya ile sumaku. Duka halipati hata moja. Anayeitaka nampa kwa bei ya hasara, ila asije kabla bamvua hili halijapita.