Gari nililidai mwenyewe, mguu nikamwachia wakili

Agosti 2022 nilikuwa nimesimama kwenye taa za Buguruni, Barabara ya Mandela, Fuso lenye mchanga likashindwa kusimama nyuma yangu. Likaisukuma IST yangu mpaka ikaingia chini ya lori lililokuwa mbele. Mguu wa kulia ulibanwa kwenye pedeli, muundi ukavunjika sehemu mbili. Pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, wakanifanyia upasuaji na kuniwekea chuma.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kwa hiyo mguu ule ndio unaolipa kodi ya fremu.

Siku ya tatu wodini alikuja kijana nadhifu na faili lake, akasema ni wakili, atanisimamia nipate mamilioni halafu tugawane nusu kwa nusu. Nilikuwa na maumivu, nilikaribia kusaini. Shemeji yangu alichukua jina lake akalitafuta kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili wanaoruhusiwa kufanya kazi. Halikuwemo. Vishoka wa namna hii wanazunguka kwenye vitanda vya wagonjwa, na inaniuma sana nikifikiria wangapi wamewasainia.

Upande wa gari sikuhitaji wakili. Bima yangu ilikuwa ndogo, ya mtu wa tatu, ile inayolipa hasara unayomsababishia mwingine tu, kwa hiyo kampuni yangu haikuwa na cha kunilipa. Dai lilitakiwa kwenda kwenye bima ya lile Fuso. Shemeji alihakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, bima ikaonekana hai. Dereva alikiri kosa mahakamani akalipa faini. Tukakusanya taarifa ya polisi, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi na nakala ya kadi ya gari, asesa, yaani mkadiria hasara, akaja, na baada ya wiki kama 10 hivi nikalipwa. Ilichosha, lakini kosa lilikuwa wazi na thamani ya gari inajulikana. Wakili angekula sehemu ya hela kwa kazi ambayo mtu mwenye subira anaiweza.

Mguu ulikuwa habari nyingine. Kampuni hiyohiyo ya bima ya Fuso ilinipigia simu, wakanikaribisha ofisini vizuri tu, wakaniwekea mezani karatasi ya shilingi 1,800,000. Chini yake iliandikwa kwamba nimepokea malipo kamili na ya mwisho, na sitamdai tena dereva, mmiliki wala kampuni. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi 4. Kalamu nilishaishika. Dada yangu, aliyekuja kunishikia magongo, akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani huo mguu umeshapona?" Nikairudisha kalamu, nikaomba nakala ya ile karatasi nikaondoka nayo.

Wakili niliyempata ni mwanamke, ofisi yake iko Ilala, na jina lake tulilihakiki kwanza. Mazungumzo ya siku ya kwanza nililipia 50,000. Hakunitajia mamilioni. Aliniuliza kama daktari amesema chuma kitatolewa, lini, na kwa gharama gani. Sikuwa nimewahi kuuliza! Nilirudi hospitali, nikaandikiwa ripoti kwamba itabidi nifanyiwe upasuaji mwingine baada ya mwaka na zaidi. Ile 1,800,000 haikuwa na hata senti ya upasuaji huo.

Halafu akauliza naingiza kiasi gani. Nikamwambia sina mshahara, nashona tu. Akauliza naandika wapi oda za wateja. Lile daftari langu la kaunta, lenye vipimo, malipo ya awali na tarehe za kuchukua nguo, ndilo lililogeuka kuwa ushahidi wa kipato changu. Alikaa nalo siku nzima akijumlisha mwezi kwa mwezi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na risiti za dawa ningezipeleka hata peke yangu, lakini thamani ya daftari nisingeiona kamwe.

Tuliandikiana mkataba wa ada: 900,000, nianze na 300,000, inayobaki nikishalipwa. Aliniambia pia kwamba madai kama yangu yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kungoja mfupa uunge kabla ya kukubali lolote. Na aliniambia wazi kwamba kama ningekuwa nimechubuka tu, angenishauri nipokee hela nirudi kazini. Hapo ndipo nilipomwamini.

Alimwandikia notisi mmiliki wa Fuso na kampuni ya bima. Wakapanda hadi milioni 3, akakataa. Mwezi wa saba tukamalizana kwa milioni 7.4 bila kufungua kesi.

Kasoro yake ni simu. Hapokei, na mara mbili nilijua dai limefikia wapi kwa kumuuliza karani wake. Mtu mwenye maumivu na madeni anahitaji kuambiwa hata kama hakuna jipya. Nilimwambia hivyo, akaomba radhi, akabadilika kidogo. Kazi yenyewe naisifu, na ndugu yangu akivunjika mguu leo nitampeleka kwake.

Chuma kilitolewa Novemba 2023. Hela ya upasuaji nilikuwa nimeitenga benki, sikukopa kwa mtu. Januari, msimu wa sare za shule, nilikuwa nimesharudi kukanyaga cherehani.