Trifala: Uliza Habari za Kokwa Kabla ya Kuuliza Bei

Mwezi uliopita nilinunua kopo la gramu 100 la unga wa trifala katika duka moja la dawa za asili hapa Dar es Salaam kwa shilingi 18,000, na usiku huohuo, nilipokunywa kijiko kimoja kilichokorogwa katika maji ya vuguvugu, nilihisi chembe ngumu zikikwaruza meno. Haukuwa mchanga. Zilikuwa kokwa zilizosagwa pamoja na tunda.

Tarehe ya mwisho wa matumizi kila mnunuzi anajua kuitazama, kwa hiyo siizungumzii. Trifala, ambayo kwa Kisanskriti maana yake ni matunda matatu, ni unga wa amla, haritaki na bibhitaki kwa vipimo sawa, na kanuni rasmi ya Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, inataka nyama ya matunda hayo peke yake, kokwa zikiwa zimetolewa. Tanini zinazoupa unga huo ukakasi zimo kwa wingi katika nyama iliyokauka, ilhali kokwa ya haritaki ni ngumu kama kuni. Kuitoa ni kazi ya kuchosha, tena hupunguza uzito wa mzigo, na ndiyo maana anayesaga tunda zima anatuuzia kuni kwa bei ya dawa. Sugua unga kidogo kati ya vidole: ulio safi huteleza kama unga wa dengu, wenye kokwa hukwaruza. Kwa kuwa mashine nzuri inaweza kuificha hata kokwa, soma pia lebo na utafute neno la Kiingereza pericarp, yaani nyama ya tunda. Palipoandikwa tunda tu, muulize muuzaji.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni unga wa Kottakkal Arya Vaidya Sala, taasisi ya Ayurveda ya jimbo la Kerala, India, iliyoanzishwa na P. S. Varier mwaka 1902. Kila kopo lake nililowahi kufungua lilikuwa laini, na ukali wake unakaa ulimini kama inavyopaswa. La pili ni kununua matunda makavu katika maduka ya viungo ya Wahindi pale Kisutu, kuyavunja, kutoa kokwa na kupima nyama baada ya hapo, si kabla. Ni kazi ya jioni nzima, lakini unajua unachokunywa. La tatu ni vidonge vya unga vya kampuni ya Organic India, vinavyomfaa asiyeweza kustahimili ladha, kwa sababu ganda lake hufunguka na unga ukakaguliwa. Vidonge vilivyoshindiliwa vya kampuni ya Himalaya naviweka nyuma kwa sababu hiyo moja tu, kwamba kilichomo hakionekani. Mifuko ya bei nafuu isiyo na lebo, acha.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wanaohamishia unga katika makopo yao, wakabandika picha ya jani na kuongeza bei, huku jina la mtengenezaji na namba ya toleo vikipotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti na kukuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja ya tano. Bila namba ya toleo, mnunuzi hana njia ya kufuatilia kopo lake. Wauzaji haohao huahidi kuponya kisukari, wakati matumizi yanayojulikana zaidi ya trifala ni kulainisha choo, na mjamzito au anayetumia dawa za sukari anapaswa kumwona daktari kwanza.

Nilipolirudisha kopo langu, muuzaji aliniambia, "Dada, unga ni unga." Nikamwomba anionyeshe kifungashio alichoutoa. Akasema kilikwisha kutupwa, na fedha yangu hakuirudisha.