Poda za Watoto: Geuza Kopo Tusome Kilichomo

Karibuni watazamaji. Mezani kuna poda za aina nne. Hii ya kwanza ni ya talki, yaani jiwe laini lililosagwa, hii ni ya wanga wa mahindi, hii ya kopo refu ni ile ya harara inayopoza ngozi, na hii ya nne imefungwa kwenye kifuko cheupe, haina hata maandishi. Ya kupimiwa sokoni.

Hiyo ya nne naiweka pembeni sasa hivi. Poda isiyo na orodha ya viambato, isiyo na tarehe ya kuisha wala namba ya toleo haigusi ngozi ya mtoto, iwe inanukia vizuri namna gani. Na tusidhani ni ukali wa bure. Ufaransa, mwaka 1972, poda ya talki iliyoitwa Morhange iliingiliwa kiwandani kwa makosa na heksaklorofini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 6. Ilipenya kwenye ngozi za watoto na kushambulia ubongo. Watoto 204 waliathirika, 36 wakafariki. Saigon, Vietnam, 1981, poda ilikutwa na warfarini, ile ile inayotiwa kwenye sumu ya panya. Watoto 741 walitokwa damu, 177 walifariki. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, chini ya nepi ina unyevu na joto, na mwili wenyewe ni mdogo, kwa hiyo kinachopita hapo kinafika kwenye damu kwa wingi ukilinganisha na uzito wake. Poda yenye namba ya toleo ikibainika kuwa mbaya, makopo yanaweza kutafutwa na kurudishwa. Ya kifuko utairudisha kwa nani?

Sasa tuje kwenye makopo yenye lebo. Mbele usipasome. Mbele kuna picha ya mtoto anacheka, kuna neno "laini", kuna neno "asilia". Geuza nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kile kilicho kingi, kwa hiyo neno la kwanza ndilo karibu poda nzima. Ukikuta Talc, Talcum au Magnesium Silicate, hiyo ni talki. Wengine huandika CI 77718, na hiyo pia ni talki, imevaa namba tu. Ukikuta Zea Mays Starch ni wanga wa mahindi. Oryza Sativa Starch ni wanga wa mchele. Kuna makopo yanayochanganya talki na wanga halafu wanga ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa mbele, kwa hiyo soma orodha yote.

Lebo ikiwa imefutika, kuna kipimo cha jikoni. Angalia hapa. Kijiko cha chai cha poda hii kwenye sahani, na hiki cha poda hii, kila kimoja tone la iodini ya vidonda kutoka duka la dawa. Hii imegeuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi: ni wanga. Hii imebaki na rangi ya kahawia ya iodini: si wanga, na kwa poda nyingi za watoto hiyo maana yake ni talki. Baada ya hapo mwaga, usiirudishe koponi. Kipimo hiki kinakwambia tu kama kuna wanga. Hakioni talki iliyochanganywa ndani ya wanga, hakioni asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani yakivutwa, hakioni asidi ya boriki, nitakayoieleza mbele. Zile video za kumwaga poda kwenye glasi ya maji na kusema "hii inaelea, ina asbesto" ni upuuzi. Talki safi kabisa nayo huelea, kwa sababu haipendi maji.

Asbesto inaingiaje? Talki ni jiwe laini linalochimbwa ardhini, na asbesto ni madini yanayoweza kuzaliwa kwenye miamba hiyo hiyo. Zote zina magnesiamu na silika. Mgodi mmoja unaweza kuwa safi upande huu na upande wa pili ukawa na nyuzi za asbesto, kwa hiyo kila kitu kinategemea mgodi uliochaguliwa na upimaji. Na kuna kipimo cha zamani cha viwandani, cha mwaka 1976, ambacho hakioni asbesto ikiwa chini ya takriban asilimia 0.5. Vipimo vya hadubini ya elektroni huona nyuzi ndogo zaidi, lakini ni ghali. Ndiyo maana neno "imepimwa" bila kusema imepimwaje halinitoshi.

Oktoba 2019 Johnson & Johnson walirudisha toleo moja la poda yao nchini Marekani, makopo yapatayo 33,000, baada ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kukuta chembe za asbesto kwenye kopo moja. Kampuni imeendelea kusema talki yake ni salama. Mei 2020 ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, na Agosti 2022 ikatangaza kwamba kuanzia 2023 dunia nzima itauziwa ya wanga wa mahindi. Kwa hiyo jina moja, umbo lile lile la kopo, ndani kunaweza kuwa talki au wanga kulingana na lini limetengenezwa. Usiamini umbo. Soma nyuma.

Na talki isiyo na asbesto? Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya WHO, liliipandisha talki hadi kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa watu ulikuwa haujakamilika na ulihusu zaidi saratani ya ovari kwa wanawake wanaopaka poda sehemu za siri. Ushahidi kwa wanyama ulikuwa wa kutosha. Msitishane lakini: kundi hilo linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani, halielezi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama nyekundu ipo kundi hilo hilo. Uamuzi wangu ni mwepesi tu: mtoto wa kike asipakwe talki sehemu za siri, kabisa, kwa sababu faida ni sifuri.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine, na haijali kama ni talki au wanga. Ni vumbi. Mtoto akivuta poda nyingi, chembe zinakausha ute wa njia ya hewa na kukwamisha vinyweleo vinavyosafisha mapafu. Mara nyingi anakohoa kidogo, anatulia, mama anapumua, halafu baada ya saa kadhaa mapafu yanavimba na pumzi inabana. Watoto wamefariki kwa talki namna hii, wengi wakiwa wanachezea kopo wakati wanabadilishwa nepi. Chembe za wanga ni kubwa kidogo, lakini mapafu hayazihitaji. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, hakipendekezi poda kwa watoto wachanga. Umoja wa Ulaya nao unalazimisha poda ya talki ya watoto wa chini ya miaka mitatu iandikwe onyo la kuiweka mbali na pua na mdomo.

Kwa hiyo mtoto akimwagikiwa poda usoni: mtoe kwenye vumbi, mfute pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, mkalishe wima. Usimpe maziwa ya "kuua sumu" na usimtapishe. Akiwa amevuta nyingi mpeleke kituo cha afya hata kama kikohozi kimekoma. Akihema haraka, mbavu zikiingia ndani kila pumzi au midomo ikibadilika rangi, hapo ni hospitali, na ni sasa hivi.

Turudi kwenye orodha, maana viambato vidogo vya mwishoni ndivyo vinavyowachanganya wengi. Asidi ya boriki, yaani Boric Acid, nikiiona narudisha kopo rafuni. Inapenya kwenye ngozi iliyochubuka, na mtoto mwenye upele wa nepi ndiye anayepakwa zaidi. Miaka ya nyuma watoto walidhurika kwa njia hiyo hiyo: ngozi kuwa nyekundu, kutapika, degedege. Ulaya imeshaipiga marufuku kwenye vipodozi. Zinc Oxide haina shida kwenye ngozi, ila faida yake iko kwenye krimu nzito kuliko kwenye poda. Zinc Stearate ni mbaya sana ikivutwa. Fragrance au Parfum ni neno moja linaloficha mchanganyiko mzima wa manukato, na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ni mwanzo wa kuwashwa. Tricalcium Phosphate huwekwa ili poda isigande, hainisumbui.

Sasa hii ya harara. Pwani huku, Tanga, Mombasa, Dar, joto likipanda hii ndiyo inauzwa kuliko zote. Ule ubaridi unaousikia ni mentholi, na baadhi zina kafuri na asidi ya salisiliki. Mtu mzima mgongoni, sawa. Mtoto chini ya miaka miwili, hapana. Mentholi karibu na pua ya mtoto mchanga inaweza kumfanya akate pumzi, na kafuri ikimezwa inaleta degedege hata kwa kiasi kidogo. Harara yenyewe ni vitundu vya jasho vilivyoziba, kwa hiyo dawa yake ni kumpoza mtoto: maji ya kawaida bila sabuni kali, mkaushe kwa kumgusa-gusa bila kusugua, nguo nyepesi ya pamba, asifungwe mablanketi. Mafuta mazito wakati wa harara yanazidi kuziba.

Kuna wanaoniambia poda ya wanga inalisha fangasi. Utafiti uliofanywa kwenye ngozi ya binadamu mwaka 1984 haukuona wanga ukiongeza fangasi. Lakini huo ni wanga safi wa kopo. Sembe ya ugali si wanga mtupu. Ina chenga, ina mafuta, inachacha kwenye mikunjo, na ikiwa na ukungu unampaka mtoto huo ukungu.

Kitovu kisiwekwe poda. Talki inatoka udongoni, na udongo una mbegu za pepopunda. Kiache kikavu, au fuata walichokuelekeza kliniki.

Kama bado unataka kupaka, chagua ya wanga isiyo na manukato, na fanya hivi. Zima feni. Geukia pembeni, mbali na mtoto, mimina nusu kijiko cha chai kwenye kiganja karibu na kopo, usitikise hewani. Funga kifuniko kabla hujamgusa mtoto. Sugua viganja, kisha bandika mkono kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Ngozi ikiwa na maji poda inageuka tope, inaganda kwenye shingo na mapaja, na kile kigande ndicho kinachochubua. Kila ukibadilisha nepi toa ya zamani kwanza. Shingoni usipake, ni karibu mno na pua, najua wengi hamtapenda. Kwenye upele wa nepi tumia krimu nene ya zinki au mafuta ya mgando, na umwache bila nepi kwa muda. Upele mwekundu sana unaoingia ndani ya mikunjo, wenye vidoti pembeni, huwa ni fangasi na unahitaji dawa ya fangasi kutoka kwa mhudumu wa afya.

Alama za TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, zitafute, maana zinasaidia. Tanzania vipodozi vilihamia TBS mwaka 2019, zamani vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ila alama hiyo haikupi ruhusa ya kumtikisia mtoto kopo usoni.

Wenye kopo la talki nyumbani, msilimwage uani upepo ukipuliza. Funga kifuniko, tia kwenye mfuko, kaza fundo, tupa. Iliyomwagika sakafuni futa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio unairudisha hewani, pale pale mtoto anapotambaa.