Gundi ya jeli ya kuungia miti ndani ya tangi la samaki: inashika wapi, inaachia wapi

Gundi ya papo hapo ya jeli, ile yenye sianoakrileti, huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya samaki katika vityubu vidogo kwa ajili ya kugandisha mimea kwenye mawe. Kwa kazi hiyo tunaisifu bila kusita. Lakini wengi huinunua ili waunge mizizi na matawi yaliyookotwa ufukweni au mtoni wapate umbo moja kubwa, na hapo sifa zake zinapungua. Inashikilia kipande mahali pake vizuri sana. Kubeba uzito haiwezi, hasa baada ya mti kulowa.

Tuanze na usalama, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mfugaji. Ikishaganda, gundi hii huwa plastiki ngumu isiyoyeyuka majini na haiwadhuru samaki wala uduvi. Hatari iko kwenye mvuke wake wakati inaganda: unawasha macho na koo, kwa hiyo fanya kazi penye hewa, ukiwa na miwani na glavu za naitraili. Glavu za pamba usivae kamwe. Pamba huharakisha mgando kiasi cha kutoa joto linaloweza kuunguza ngozi, na gundi ikimwagika nyingi pamba inaweza hata kufuka moshi. Chagua gundi angavu isiyo na rangi. Ile nyeusi iliyochanganywa na mpira iache kwa kazi nyingine.

Mgando huohuo wa haraka wa pamba ndio unaoipa gundi nguvu yake kubwa kwenye kazi hii, ukitumiwa kwa kiasi. Miti ya maji haina nyuso bapa, hivyo vipande viwili vikikutana hugusana kwenye nukta mbili tatu tu na kwingine kote ni uwazi. Jeli peke yake haijazi uwazi huo: inaganda juu na kubaki laini ndani, tena asidi ya mti huichelewesha zaidi. Dawa yake ni kusokota pamba nyembamba, kuisukumia ndani ya ufa kwa kijiti, kisha kudondoshea gundi nyepesi ya sianoakrileti, si jeli, matone machache kwa wakati. Inaganda kwa sekunde na kuwa ngumu kama jiwe. Ongeza tabaka jingine baada ya joto kupoa. Mwisho paka jeli kidogo juu na unyunyizie unga wa msasa wa mti uleule ili kuficha weupe. Bila unga huo kiungo hubaki na utando mweupe unaoonekana wazi hadi mwani uufunike.

Kabla ya gundi kuna kazi ambayo maelezo ya kwenye tyubu hayaitaji. Bandua magome yote, na sehemu inayobonyea kwa ukucha ikate, kwa sababu gundi itashika uozo na uozo utaachia. Mti uliotoka baharini ulowekwe kwenye maji yasiyo na chumvi yanayobadilishwa mara kwa mara hadi chumvi iishe. Mti wenye utomvu unaonata usiutumie kabisa. Kisha, kwa msumeno na tupa, chonga nyuso mbili zikae pamoja; kila sentimita ya mgusano unayoongeza ni faida. Wakati wa kuunga, uso uwe mkavu. Ukiwa umelowa, gundi hugeuka ngozi nyeupe juu ya maji kabla haijaingia kwenye vinyweleo vya mti, na utaibandua kwa kidole.

Sasa udhaifu wenyewe. Mti ukinywa maji huvimba, na huvimba zaidi kukatisha nyuzi kuliko kuzifuata. Ukiunga tawi lililolala na gogo lililosimama, kila kimoja kinavutia upande wake, na gundi iliyoganda ni kavu mno, haina mnyumbuko. Inapata nyufa ndogo, halafu siku unaposafisha kioo na kuligusa tawi kwa kiwiko, linakatika. Ndiyo maana viungo vingi huonekana imara siku za kwanza, vikaachia wiki kadhaa baadaye. Kwa matawi membamba ya unene wa kidole yasiyobeba kitu, gundi na pamba vinatosha. Kwa chochote kinachoning'inia au kinene zaidi, tunapendekeza skrubu kwanza, gundi baadaye.

Skrubu ziwe za stenlesi, na kwa maji ya chumvi daraja la 316, kwani la 304 huanza kuliwa. Za shaba nyeupe au zilizopakwa zinki zisiingie tangini: shaba na zinki huua uduvi na konokono hata kwa kiasi kidogo. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa kipande cha juu kwa biti ya milimita 4 ili ipite bila kung'ata, na cha chini kwa milimita 2.5 hadi 3. Usipotoboa, mti mkavu utapasuka. Iingie angalau sentimita 2 kwenye kipande cha pili. Skrubu moja huruhusu tawi kuzunguka, kwa hiyo weka mbili, au moja na kigingi cha mbao ngumu cha milimita 6. Kigingi kikilowa huvimba na kukaza kiungo, jambo ambalo gundi haiwezi kulifanya. Kichwa cha skrubu kizamishe kidogo kisha uzibe kwa pamba na gundi.

Vibadala vingine havitushawishi. Silikoni, hata ile safi isiyo na dawa ya ukungu, hushika kioo lakini huchubuka kwenye mti uliolowa. Gundi ya moto hubanduka, na gundi nyeupe ya mafundi seremala hulainika majini. Epoksi ya kukanda ya sehemu mbili ndiyo mshindani wa kweli: inajaza uwazi na kuganda hata chini ya maji, ila inaonekana kama kinyago cha udongo isipofunikwa na mimea midogo ya majini.

Acha kiungo kikae saa 24, kisha tumbukiza umbo zima kwenye ndoo kwa wiki moja au mbili kabla ya kuliingiza tangini, na ulivute kwa mkono likiwa limelowa. Kama bado linaelea, lifunge kwa skrubu kwenye bapa la jiwe utakalolizika chini ya mchanga. Gundi haishindani na mwelekeo wa mti kupanda juu.

Tyubu iliyofunguliwa futa mdomo wake, ifunge na uihifadhi mahali pakavu na penye ubaridi. Iliyotoka kwenye friji iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo umande utaigandisha ndani. Ikikuganda vidoleni, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usivute kwa nguvu.